Upande wa Kulia Haufutiki Tena

Mpendwa Baba Rehema,

Imeshika. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu. Unga wa printa umeshika kwenye karatasi kushoto, katikati na kulia. Nimesugua kwa kidole gumba mpaka kidole kikapata moto, na hakikutoka kitu. Sasa naweza kukusalimia. Sisi wazima. Rehema ameota meno ya juu na anang'ata kila kinachomkaribia, mimi nikiwa wa kwanza. Upepo wa Dodoma ni ule ule, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi.

Barua hii naiandika wazi, anayetaka aisome. Habari ya mashine yako iliongelewa na Makole nzima ilipokuwa mbovu, mpaka wachota maji bombani walikuwa wananipa pole ya printa baada ya pole ya mume. Basi na mwisho wake wausikie.

Unakumbuka siku ulipoileta? Kazini walikuwa wamekupunguza, wewe na taipureta zako. Wenzako uliopunguzwa nao, kiinua mgongo walinunulia mabati, mwingine ng'ombe, mwingine akafungua duka la soda, maana ilikuwa ruksa kila mtu kuuza anachotaka. Wewe ukarudi na mkokoteni una kompyuta kuukuu na maboksi mawili. Moja printa ya leza iliyotumika kwa watu huko nje, la pili printa nyingine ya aina ile ile, imekufa, umepewa kama nyongeza. Nilikuwa na mimba ya Rehema, miguu imevimba, nimesimama mlangoni.

"Fundi, watu wananunua mabati, wewe umenunua maiti?"

"Mmoja ni maiti, mwingine mgonjwa," ukasema. "Maiti atamtibu mgonjwa. Nisaidie kushusha."

Nilikununia mpaka uji wa jioni ukapoa. Ile mfu ukaisukuma chini ya kitanda, na kuanzia siku hiyo kila nikifagia ufagio unagonga chuma.

Lakini ulijua kunivuta. Ulifungua ile mgonjwa ukaniita nione ndani, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Ukaniambia, huu wino si wino, ni unga. Ukitua kwenye karatasi unakaa tu kama vumbi juu ya meza, ukipuliza unaondoka. Kinachoushikisha ni hapa nyuma. Ukanionyesha rola mbili zimelaliana, ya juu ina moto ndani, ya chini ni ya mpira, na kila ncha ina springi inayoisukuma ya chini iikumbatie ya juu. Karatasi inapita katikati yao. Wewe sehemu ile uliiita jiko.

"Kwa hiyo moto ndio unaoshikisha," nikasema.

"Moto peke yake? Wewe ukipitisha pasi ya moto juu ya shati bila kuikandamiza, kunjo zinatoka?"

"Hazitoki."

"Ndiyo hiyo. Moto na mbano. Na mbano uwe sawa huku na huku."

Halafu ukatoa karatasi, ukaisugua kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi maana mashine ilikuwa haijapata moto wa kutosha, na ule weusi ukanipaka puani. Nikakufukuza na mwiko. Ikawa mchezo wetu. Kila ulipojaribu karatasi, kidole kikichafuka, pua ni yangu. Wateja walikuwa wanakuja kuchapisha barua za maombi ya kazi wanakuta mke wa fundi ana pua nyeusi kama paka aliyelala jikoni.

Mimi nina darasa la saba langu na ile kozi ya kuchapa niliyosomea kanisani. Sikudhani siku moja nitakuja kukueleza wewe habari ya springi. Kaa vizuri nikueleze.

Ulianza kukohoa majira ya baridi. Wiki hizo hizo springi ya kushoto ikakatika. Ulifungua jiko huku umejifunga shuka langu shingoni, mimi nimembeba Rehema mgongoni, nimeshika chupa ya chai. Ulivuta ile mfu kutoka chini ya kitanda, ukatoa springi yake ya kushoto, ukaiweka kwenye yetu. Ile iliyokatika ukaitia kwenye kopo lako la maziwa ya unga, mlimokuwa na kila skrubu uliyowahi kukutana nayo duniani. Ya kulia hukuigusa. Nilikuuliza, "Na hii nyingine?" Ukasema, "Hii bado nzima. Kizima hakitolewi." Ukafunga. Ukachapa karatasi moja, ukaiangalia harakaharaka, ukasema, "Imekaa." Ukaenda kulala mchana, wewe ambaye mchana hujawahi kulala.

Yaliyofuata unayajua, na mimi sitayarudia. Wodini ulinishika mkono ukaniuliza kama umeme umerudi Makole. Nikakuambia umerudi. Ulifurahi.

Tulikuzika kwenu Kibakwe, juu pale panapoonekana mashamba ya maharage mpaka bondeni. Watu walikuwa wengi. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa kikao, kama ilivyo desturi, kuamua mjane na mtoto watakaa wapi na vitu vya marehemu viende wapi. Kaka yako Yohana ndiye aliyesimamia. Sitamsema vibaya, maana alisema kwa upole kabisa. Alisema mama na mtoto wabaki Kibakwe, shamba lipo, chumba kipo, na ile mashine ya mjini iuzwe, kwani fundi wake ameondoka.

Wazee wakaitikia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kaniki yangu, Rehema ananyonya. Nilisikia ardhi inanisogea. Si kwamba sipapendi kwenu. Lakini nilijua nikirudi pale na mtoto na jembe, ile kazi tuliyoianza mimi na wewe itakuwa hadithi tu. Rehema atakua akiambiwa baba yako alikuwa na mashine.

Nikaomba kusema. "Shemeji, ile mashine si chombo cha marehemu tu. Ni kazi yangu. Ninachapa mimi."

"Inafanya kazi?" Yohana akauliza.

"Inafanya."

Kisha akasema mbele ya wote: "Basi tufanye hivi. Nikishavuna maharage nitakuja huko Makole mwenyewe. Nikiikuta inafanya kazi, mimi ndiye nitakayewaambia ndugu wakuache na mashine yako. Nikiikuta imelala, shemeji, tutafunga mizigo pamoja, na hakuna kununiana."

"Hakuna kununiana," nikasema.

Nilirudi mjini nina moyo mkubwa. Kazi ya kwanza ikaja kutoka kwa yule mwalimu wa Msalato, yule mrefu uliyekuwa ukimwita Mlingoti. Majaribio ya darasa la saba. Nikachapa siku nzima, Rehema yuko kwenye boksi la karatasi anachezea kifuniko. Nikafunga mzigo vizuri kwa kamba. Nilijiona mtu.

Mwalimu akarudi na mzigo wote kwapani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama Rehema, wanafunzi wangu wamefuta mtihani kwa viwiko."

Nilidhani anatania. Akanitandazia karatasi. Upande wa kushoto maandishi meusi, mazuri. Upande wa kulia ukungu mtupu. Mtoto akiegemeza mkono kuandika, mkono unaondoka na swali.

"Kuna kijana ameniambia swali la nne halina mwisho," akasema. "Nikamwambia soma vizuri. Akanionyesha mkono wa shati. Mwisho wa swali la nne ulikuwa kwenye shati lake!"

Alicheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Akaniambia ana mtihani mwingine, mkubwa kuliko huo, ataniletea kabla hajaenda kwingine, ila safari hii usifutike. Alikuwa muungwana. Wengine wangenitangaza sokoni.

Basi nikaanza. Nilisubiri jiko lipoe, nikalifungua kama nilivyokuona ukifanya. Nikasema, kama kulia kunalegea, tukaze kulia. Nikakata kipande cha boksi la majani ya chai, nikakikunja, nikakiweka chini ya springi ya kulia ili iinuke. Nikachapa. Kulia kukashika kidogo, lakini karatasi ikatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeng'ata ukwaju. Nikapunguza kipande. Makunyanzi yakapungua, ukungu ukarudi. Nikaongeza, makunyanzi. Siku hii nakaza, siku ile nalegeza, Rehema analia, umeme unakatika, unarudi. Nilikuwa nimechoka, Fundi, uchovu ule wa kusimama na mwiko mkononi ukasahau ulikuwa unakoroga nini.

Nikakumbuka ule mtego wako wa karatasi nyeusi. Ulinifundisha, ukitaka kujua rola zinavyobana usibahatishe, ziulize zenyewe. Chapa ukurasa mweusi mtupu, ukishaiva urudishe tena ndani, na ukiwa katikati ya rola, zima mashine. Uache ubanwe pale kidogo, kisha uutoe. Zile rola zitakuwa zimeacha alama, mstari unaong'aa kukatiza karatasi. Kama mstari una unene mmoja kutoka ncha hadi ncha, mbano uko sawa. Nikafanya. Mstari ulianza kushoto mnene kama kidole changu, ukaenda unapungua, unapungua, mpaka kulia ukawa mkia wa panya.

Kwa hiyo ugonjwa niliuona. Dawa yake sikuijua. Niliibandika ile karatasi ukutani nikawa naitazama huku namlisha mtoto.

Yohana akaja mapema kuliko nilivyotegemea. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia "Hodi wenyewe!" na kabla sijaitikia gunia la maharage likatua sakafuni, vumbi likapaa.

"Shikamoo shemeji. Mbona mapema?"

"Marahaba. Maharage yamekuwa machache. Haya, nionyeshe ng'ombe wako."

Nikawasha, nikachapa karatasi moja mbele yake, kile kipande cha boksi bado kimo ndani. Karatasi ikatoka imepinda, inaenda upande, kulia imekunjamana. Yohana akaishika, akaigeuza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Shemeji, hii imelimwa na nira ya baba! Lile dume zee na yule ndama! Unakumbuka?"

Nilikumbuka, na nina hakika wewe unakumbuka kuliko sisi. Nilikuwa mgeni kwenu, bibi harusi, mkono bado una hina, ukanipeleka shambani kuniringishia ng'ombe wa nyumbani. Baba mkwe alikuwa amepoteza dume mmoja, akanunua kijana mwenye nguvu, akamfunga nira moja na yule mzee. Mfereji ukawa unaenda kama nyoka. Watu wakamwambia mzee wetu, tafuta wawili wanaolingana. Akakataa. Akasema dume bado mzima, mzima hatolewi. Na wewe ukaninong'oneza, "Kijana anavuta, mzee anavuta, hakuna mvivu pale. Wamefungwa vibaya tu."

Nilisimama na karatasi mkononi. Mzima hatolewi. Kizima hakitolewi.

"Shemeji," nikamwambia Yohana, "nishikie mtoto."

"Unakwenda wapi?"

"Chini ya kitanda."

Nikaivuta ile maiti mpaka kwenye mwanga wa mlango. Nikafungua jiko lake. Kushoto patupu, ulipotoa wewe. Kulia, springi imekaa pale pale, imejaa vumbi, inamsubiri mwenzake. Nikaitoa. Nikaenda kwenye mashine yetu nikatoa na ile yetu ya kulia, na ile ya kushoto uliyoiweka, nikazisimamisha tatu juu ya meza kama watoto wanaopimana urefu. Zile mbili za mashine mfu zilikuwa sawasawa, huwezi kuzitofautisha. Ile yetu ya kulia ilikuwa fupi. Haijavunjika, haina kutu. Imechoka tu, Fundi. Imesukuma miaka mingi mpaka imekaa chini.

Sasa nikuambie, na usinikatize. Ulikosea. Ulifunga nguvu upande mmoja na uchovu upande wa pili, ukategemea zibane sawa. Sikulaumu. Ninajua ulikotoka, sote tulikotoka, kwenye foleni za sabuni na viberiti, chandarua kikitoboka unaziba, kandambili ikikatika unashona kwa waya. Tulifundishwa, ukibadilisha, badilisha kilichovunjika tu, kilichobaki kiache kifie kazini. Iliyokatika ulikuwa na haki ya kuitoa. Lakini ulichukua mmoja wa wale pacha ukamwacha mwingine chini ya kitanda, na mimi nikafagia kumzunguka muda wote ule.

"Unajua unachokifanya kweli?" Yohana akauliza, Rehema anamvuta ndevu.

"Mimi nashika bisibisi, shemeji. Wewe shika mtoto."

Nilizipangusa zile mbili pacha, nikaziweka, moja huku, moja huku. Kipande cha boksi la chai nikakitupa. Nikachapa ukurasa mweusi, nikaurudisha ndani, nikazima ulipofika katikati. Nikasubiri. Nikautoa taratibu, nikaupeleka mlangoni penye jua.

Mstari ulikuwa mmoja. Unene mmoja kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ndiyo nini hicho?" Yohana akauliza.

"Mfereji," nikamwambia. "Umenyooka."

Kisha nikachapa ukurasa wa mtihani wa mwalimu, nikaanza kusugua. Yohana akaninyang'anya. "Lete hapa. Wewe kidole chako ni cha mama wa mjini." Unakijua kidole gumba cha kaka yako, kile ni msasa, kinaweza kuparua gamba la samaki. Akasugua upande wa kulia kwa nguvu zake zote mpaka nikaogopa karatasi itatoboka. Akakitazama kidole. Akakinusa. Akakiangalia tena.

"Huu weusi ni wangu," akasema. "Ni udongo wa Kibakwe. Nilikuja nao."

Nikakaa juu ya gunia la maharage. Nilicheka, Baba Rehema, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, na kilio chenyewe hakikuwa kibaya. Kilikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Yohana akajifanya anamtazamisha mtoto barabara.

Mwalimu alipokuja kuchukua mtihani aliuweka mezani, akaegemeza kiwiko juu yake, akakizungusha kama anasaga. Akainua kiwiko, akakagua shati. "Safari hii watafeli kwa akili zao wenyewe," akasema. Amerudi tena mara nyingi, na amewaleta na wenzake. Msimu huu wageni wa Bunge walipojaa mjini nilikuwa nachapa mpaka Rehema akazoea kulala kwa mlio wa mashine, ikinyamaza anaamka.

Na Yohana alitimiza. Ametuma salamu kwamba amewaambia ndugu, na waliokuwa na neno amewaambia waje na vidole vyao. Nitakwenda Kibakwe wakati wa kupanda, nikae nao, Rehema awajue watu wake. Lakini nitakwenda kama mtu anayesalimia, mwenye kwake.

Usidhani ni rahisi. Asubuhi naamka nikiwa nimechoka tayari. Kuna siku Rehema ana homa na mteja anagonga, na ninatamani mtu wa kunishikia upande mmoja tu, kidogo. Mbano wa nyumba hii sasa uko kwangu wote. Lakini ile hofu, ile ya kusikia hodi na kudhani ni watu wamekuja kufunga mizigo, imeondoka. Usingizi umerudi. Jumapili iliyopita nililala mchana, mimi, na hakuna aliyekufa wala kilichoungua.

Ile springi fupi ya kulia niliiweka kwanza kwenye kopo lako, pamoja na ile iliyokatika. Ikakaa humo siku chache, kila nikipita inanitazama. Halafu nikaja nikamwaga kopo lote kwenye shimo la taka, na skrubu zako zote. Najua ungeingia shimoni kuziokota. Nisamehe, lakini sizirudishi. Kopo nimelisafisha, linakaa kwenye meza ya mbele, lina kalamu za wateja.

Pumzika, Fundi wangu. Mgonjwa wako amepona, maiti alimtibu kama ulivyosema. Kila asubuhi nachapa karatasi ya kwanza, naisugua, kidole kinatoka safi. Pua yangu nayo ni safi, kutwa nzima. Hilo la pua ndilo bado sijalizoea.

Wako,
Mama Rehema
Makole